Kitanda Usichokilalia

Familia inapokwenda kutazama nyumba ya kutunzia wazee kwa mara ya kwanza, macho hutua palepale: rangi ya kuta, zulia, bustani, upana wa dirisha, na ukarimu wa dada wa mapokezi. Wanatembezwa, wanakaribishwa chai, wanaonyeshwa chumba chenye kitanda kilichotandikwa vizuri. Wakiwa njiani kurudi wanaambiana kwamba pale ni pazuri, mama atapapenda. Fomu zinatiwa saini, malipo ya mwezi wa kwanza yanatolewa. Baada ya majuma machache mama yuleyale yuko kitandani usiku, kengele mkononi, anabonyeza na kubonyeza, na mlango haufunguliwi.

Kisa nitakachokisimulia kilitokea Uingereza. Si cha kubuni: kilichunguzwa hadharani, mashahidi wakasikilizwa, na matokeo yake yakaandikwa. Nakileta kwa wasomaji wa Kiswahili kwa sababu mbili. Ndugu zetu wengi walioko Uingereza na Marekani wanafanya kazi katika nyumba za namna hii, na wengine sasa wana wazazi wanaoishi humo. Na huku kwetu nako, ambako watoto wametawanyika mijini na ng'ambo, nyumba za kulipia za kutunza wazee zimeanza kuonekana, hasa Nairobi na viunga vyake. Heri mtu ajifunze kwa yaliyowapata wenzake kuliko kujifunza kwa mzazi wake mwenyewe.

Nyumba iliyopewa daraja la "nzuri"

Nyumba hiyo iliitwa Orchid View. Ilifunguliwa mwaka 2009 katika kijiji cha Copthorne, West Sussex, si mbali na uwanja wa ndege wa Gatwick. Jengo lilikuwa jipya, limejengwa mahususi kwa kazi hiyo, na lilikuwa na nafasi ya wazee zaidi ya 80. Mwendeshaji wake alikuwa Southern Cross, kampuni iliyokuwa kubwa kuliko zote nchini humo katika biashara ya kutunza wazee, yenye nyumba zipatazo 750 na wakazi wapatao 31,000. Mwaka 2010 CQC, tume ya serikali inayokagua huduma za afya na matunzo, iliipa Orchid View daraja la "nzuri". Familia iliyokuwa ikitafuta mahali ingetaka nini zaidi? Jengo jipya, kampuni yenye jina, na muhuri wa serikali.

Ndani mambo yalikuwa mengine. Uchunguzi wa vifo ulipofanyika mwaka 2013, kwa muda wa majuma matano, ilidhihirika kuwa wahudumu walikuwa wachache kuliko kazi iliyokuwapo, wengi hawakuwa na mafunzo ya kutosha, na uongozi ulikuwa umelegea. Kengele za kuita zililia muda mrefu bila mtu kuja; nyingine ziliwekwa mahali ambapo mgonjwa hakuweza kuzifikia. Chakula na maji ya kunywa havikufuatiliwa. Heshima ya mzee anapooshwa na kubadilishwa nguo haikuzingatiwa. Dawa zilitolewa kwa wakati usio wake, kwa kipimo kisicho chake, au hazikutolewa kabisa. Shahidi mmoja alieleza kwamba baada ya zamu moja tu ya usiku yaligunduliwa makosa 28 ya dawa.

Mama mmoja kati ya wakazi alikuwa akitumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Dawa hii haina mzaha. Ikipungua, damu huganda. Ikizidi, mtu huvuja damu ndani kwa ndani. Ndiyo maana anayeitumia hupimwa damu mara kwa mara, na kipimo cha dawa hupangwa upya kufuatana na majibu. Yeye alipewa kupita kiasi, akavuja damu, akapelekwa hospitali, akafariki. Karani wa ofisi ya nyumba ile alitoa ushahidi kwamba aliamriwa kuzipitisha karatasi za dawa za mama huyo kwenye mashine ya kuchana, ziandikwe nyingine badala yake. Karani huyo ndiye aliyekwenda polisi mwaka 2011. Wakaguzi walikuwa wamepita, madaktari walikuwa wakiingia na kutoka, lakini aliyeufungua mlango alikuwa mtu wa mafaili aliyeshindwa kuishi na alichokiona. Kabla mwaka haujaisha nyumba ilifungwa.

Msimamizi wa uchunguzi, Penelope Schofield, alichambua vifo 19. Wote 19 walikuwa wamepata matunzo yaliyo chini ya kiwango. Kwa watano kati yao, uzembe ulichangia kifo chenyewe. Alieleza kwamba unyanyasaji ulikuwa umeota mizizi katika nyumba nzima, na kwamba ni fedheha kuachwa iendeshwe vile kwa miaka miwili. Polisi walikuwa wamewakamata baadhi ya wafanyakazi, lakini ushahidi haukutosha kuwafikisha mahakamani kwa vifo hivyo. Familia zilibaki na ripoti ya mapitio iliyotolewa mwaka 2014, yenye mapendekezo 34, na makaburi.

Southern Cross nayo ilianguka mwaka huohuo wa 2011. Majengo yake ilikuwa imeyauza, kisha ikayapanga tena kwa kodi iliyopanda kila mwaka. Vitanda vilipoanza kuwa vitupu na halmashauri zilipobana malipo, kodi ikawa mzigo usiobebeka. Nyumba zake ziligawiwa waendeshaji wengine. Jengo la Orchid View lilifunguliwa upya mwaka 2012, chini ya uongozi mwingine na kwa jina jingine. Kuta ni zilezile, bustani ni ileile. Kumbe kilichokuwa kimekosekana hakikuwa kwenye kuta.

Alama hupima nini

Mtu anaweza kuuliza: nyumba kama hiyo ilipataje daraja la "nzuri"? Jibu linasaidia kuelewa alama zote za namna hii, popote zilipo.

Mwaka 1966 daktari Avedis Donabedian, mzaliwa wa Beirut aliyefanya kazi Marekani, aliandika makala ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa kupima ubora wa matibabu. Alisema yatazamwe mambo matatu. La kwanza ni nyenzo: jengo, vifaa, idadi ya watumishi na ujuzi wao. La pili ni mwenendo: kinachofanyika kweli kati ya mtumishi na mgonjwa. La tatu ni matokeo: mgonjwa amekuwaje baada ya hapo. Rahisi kuliko yote ni kuhesabu nyenzo. Kuona mwenendo ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu mtumishi anayetazamwa hubadilika, na mkaguzi haji saa nane za usiku. Matokeo nayo hutegemea nani anayeyaandika.

Marekani walijaribu kuyatia yote hayo katika alama moja. Mwaka 1987 ilipitishwa sheria iliyowapa haki wakazi wa nyumba za wazee: kila mmoja awe na mpango wake wa matunzo, asifungwe kamba kwa ajili ya urahisi wa wahudumu, mhudumu apate mafunzo ya saa zisizopungua 75, na wakaguzi waje bila kutoa taarifa. Desemba 2008 serikali ikaanza kuzipa nyumba hizo nyota, kuanzia moja hadi tano. Leo nyumba zipatazo 15,000 zina nyota zake, na yeyote mwenye simu anaweza kuzitazama.

Ni jambo jema, na ninamshauri kila mwenye mzazi huko azitazame. Lakini ajue zilivyopatikana. Nyota zina nguzo tatu: ukaguzi, idadi ya wauguzi na wahudumu, na vipimo vya afya za wakazi. Kwa miaka mingi nguzo mbili kati ya hizo zilijengwa kwa taarifa ambazo nyumba zenyewe ziliziandika. Mwaka 2014 gazeti la New York Times lilionyesha jinsi zilivyokuwa zikijiongezea nyota kwa njia hiyo. Kuanzia 2018 serikali ilianza kuhesabu watumishi kwa kumbukumbu za mishahara, na kuanzia 2022 ikaanza kuzingatia pia watumishi wa mwisho wa wiki na kasi ya watu kuacha kazi. Hatua hizo ni nzuri. Lakini fikiria ni wazazi wangapi waliochaguliwa nyumba katika miaka ya kabla ya hapo.

Udanganyifu mmoja unastahili kutazamwa kwa karibu. Kati ya vipimo vya afya kuna kinachohesabu wakazi wanaopewa dawa kali za magonjwa ya akili. Sababu inajulikana: mzee mwenye ugonjwa wa kusahau akipewa dawa hizo hutulia, haiti, hasumbui, na kazi ya watu wanne inafanywa na wawili. Lakini mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali kwamba kwa wazee wenye ugonjwa huo dawa hizo huongeza hatari ya kufa. Kipimo kikawekwa ili kuzizuia, isipokuwa kwa magonjwa machache yanayozihitaji, ukiwemo ule wa skizofrenia. Kilichofuata ni kwamba wazee ambao maisha yao yote hawakuwahi kuugua skizofrenia walianza kuandikiwa ugonjwa huo. Gazeti lilelile lililifichua jambo hilo mwaka 2021, na mwaka 2023 serikali ikatangaza ukaguzi wa mafaili. Kwa macho ya anayesoma alama, nyumba hizo zilikuwa zinafanya vizuri. Kwa macho ya binti anayemkuta baba yake amelala mchana kutwa, mate yakimtoka, hatambui sauti yake, hali ilikuwa nyingine.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Alama huandikwa na watu wasiolala pale. Zisomwe, lakini zisipewe kazi ambayo ni ya familia.

Saa ya dharura

Kisa kingine kinaonyesha upande ambao wageni huwa hawaukumbuki kabisa wanapotembezwa: siku mambo yanapoharibika.

Tarehe 10 Septemba 2017 kimbunga Irma kilipiga Florida. Katika mji wa Hollywood, kaskazini ya Miami, nyumba moja ya wagonjwa na wazee iitwayo Hollywood Hills ilipata hitilafu ya umeme iliyozima kiyoyozi kikuu. Taa ziliendelea kuwaka. Kilichokosekana ni ubaridi tu, na Florida mwezi Septemba, jengo lililofungwa madirisha bila kiyoyozi hugeuka tanuri. Zililetwa feni na mashine ndogo za kupoza hewa. Simu zilipigwa kwa kampuni ya umeme na kwa ofisi za serikali. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Alfajiri ya tarehe 13 wazee walianza kukata roho. Wapo waliopimwa joto la mwili likavuka nyuzi 42. Mwisho wa hesabu, vifo 12 vilithibitishwa kuwa vimetokana na joto lile.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na hospitali kubwa, yenye umeme na viyoyozi vinavyofanya kazi. Wauguzi wake ndio waliovuka kwa miguu alfajiri ile, wakawatoa wazee wote, zaidi ya 140. Msaada haukuwa mbali. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka wa kusema mapema, joto hili limepita kiasi, tuwahamishe sasa hivi.

Mwaka 2018 Florida ilitunga sheria inayolazimisha nyumba za wazee kuwa na jenereta na mafuta ya kutosha kulinda ubaridi kwa siku nne. Wafanyakazi wanne walishtakiwa mwaka 2019; watatu walifutiwa mashtaka, na meneja akaachiwa huru na jaji mwaka 2023. Sheria ilipatikana. Waliokufa hawakurudi. Anayetaka kuipima nyumba asiulize tu kama ina jenereta. Aulize ni nani anayeamua usiku meneja akiwa kwake, ana namba ya nani, na anaruhusiwa kuamua nini bila kusubiri kuambiwa.

Namna ya kutazama

Ubora wa matunzo huonekana katika saa ambazo hakuna mgeni. Kwa hiyo mgeni mwenye akili hujipeleka katika saa hizo. Baada ya ziara rasmi ya asubuhi, rudi bila miadi: Jumapili jioni, au siku ya sikukuu, wakati viongozi hawapo na watumishi ni wachache. Nyumba inayokataa ndugu wasije ila kwa miadi imekwisha kujieleza. Mgeni njoo, mwenyeji apone: hakuna mahali msemo huu ulipo kweli kuliko hapa, kwani mzee ambaye ndugu zake hujitokeza wakati wowote huhudumiwa kwa uangalifu zaidi, na jirani wa kitanda cha pili hufaidika naye.

Fika wakati wa chakula, ukae pembeni. Mtafute mzee ambaye mkono mmoja umepooza, umtazame yeye tu. Sinia limewekwa upande gani, wa mkono mzima au wa mkono uliolala? Kifuniko cha kikombe kimefunguliwa? Mhudumu anayemlisha amekaa, macho yao yako usawa mmoja, au amesimama huku anaongea na mwenzake? Kijiko cha pili kinaingia kabla cha kwanza hakijamezwa? Mwisho wa yote tazama sinia linapoondolewa likiwa limejaa kama lilivyokuja, na usikie kinachoandikwa: "Hakutaka kula." Ukiona hayo kwa mzee mmoja, huna haja ya kuuliza kuhusu ubora wa mpishi.

Kisha uliza kuhusu uzito. Kila nyumba makini huwapima wakazi wake na kuandika. Mzee aliyepungua asilimia 5 ya uzito kwa mwezi mmoja, au asilimia 10 kwa miezi sita, anahitaji kuchunguzwa na daktari, na familia inatakiwa ielezwe. Mwenye kilo 60 akifika 57 katika siku 30, hilo si uzee.

Kengele ipimwe kwa saa. Mwambie mzee wako abonyeze ukiwa umekaa naye, utazame dakika. Halafu tazama kengele yenyewe iko wapi. Kamba iliyozungushwa kwenye nguzo ya kitanda nyuma ya kichwa cha mtu asiyeweza kujigeuza ni sawa na kutokuwapo. Hali kadhalika jagi la maji: liwe pale mkono unapofika, na liwe limepungua tangu asubuhi.

Kisha mwili. Anayeshinda kitandani asipogeuzwa, uzito wake hubana ngozi juu ya mifupa, damu haipiti, nyama inaanza kufa. Vidonda vya namna hii huanzia kwenye visigino, juu ya matako mwisho wa uti wa mgongo, na kwenye nyonga. Vitabu vingi vya uuguzi hueleza dalili ya kwanza kuwa ni wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani. Kwa wazazi wetu tafuta mahali palipokuwa peusi zaidi au pa rangi ya zambarau kuliko ngozi ya jirani, kisha uguse: je, pana joto au ubaridi kuliko kwingine, pamekuwa pagumu, au panabonyea? Mzee akishtuka ukigusa, amekwisha kukueleza. Waafrika wengi ng'ambo wamechelewa kupata msaada kwa sababu aliyewatazama alikuwa anatafuta rangi isiyoonekana kwao. Fika kisigino kila unapokwenda. Soksi inavuliwa kwa sekunde mbili.

Chumbani huwa kuna karatasi inayoonyesha saa alizogeuzwa mgonjwa. Isome. Ukikuta ni saa kumi jioni na imekwisha kujazwa hadi saa mbili usiku, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, usigombane na mhudumu. Piga picha, nenda kwa msimamizi, na kuanzia hapo usiamini karatasi nyingine yoyote ya nyumba ile mpaka uhakikishe kwa macho.

Mikono mingapi, na imedumu muda gani

Yote hayo hurudi kwenye jambo moja: idadi ya mikono. Uchunguzi mkubwa uliofanywa kwa serikali ya Marekani mwaka 2001 ulionyesha kwamba kila mkazi anahitaji jumla ya takriban saa 4.1 za wauguzi na wahudumu kwa siku. Chini ya hapo madhara huanza kuonekana. Kwa hiyo swali la kwanza kwa meneja lisiwe la bei. Liwe hili: usiku wa leo kuna wahudumu wangapi, kwa wakazi wangapi? Akijibu kwa wastani wa mwezi, rudia swali: usiku wa leo.

Swali la pili: wamedumu muda gani? Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliotumia kumbukumbu za mishahara za nyumba za Marekani, ukakuta kwamba wastani wa wauguzi na wahudumu wanaoacha kazi kwa mwaka ulizidi asilimia 100. Maana yake, kwa wastani, walioondoka ndani ya mwaka mmoja walikuwa wengi kuliko nafasi zenyewe, na nafasi nyingine zilibadilika watu zaidi ya mara moja. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau hawezi kumweleza mgeni kwamba chai yake huinywa ikiwa imepoa, kwamba bega la kushoto linauma akivutwa, kwamba akinyamaza sana maana yake amejikojolea na anaona haya. Vitu hivyo hujulikana na mtu aliyemzoea. Mhudumu akiondoka anaondoka navyo.

Hapa nina neno kwa ndugu zetu wanaofanya kazi hii, Wakenya, Watanzania, Wakongomani na wengineo, ambao mikono yao ndiyo inayowainua wazee wa watu wengine saa za usiku. Ninyi mnajua kabla ya mkaguzi, kabla ya familia, kabla ya daktari. Mnajua zamu ipi watu wamepungua, mlango upi harufu ya mkojo haiishi, na nani ameambiwa asaini kazi ambayo haikufanyika. Kusema kuna gharama, hasa kwa mtu ambaye kibali chake cha kuishi kimefungwa kwa mwajiri. Hata hivyo ziko njia: Marekani kila jimbo lina ofisi ya mtetezi wa wakazi wa nyumba za wazee inayopokea malalamiko, na Uingereza CQC hupokea taarifa kutoka kwa wafanyakazi. Andika tarehe, saa na jambo lenyewe siku hiyohiyo. Orchid View haikufungwa na ukaguzi wa kawaida. Ilifungwa kwa sababu mfanyakazi mmoja alisema.

Na familia nazo zijifunze kuwauliza wahudumu, kwa faragha na kwa heshima, swali ambalo Andrea Sutcliffe, aliyekuwa mkaguzi mkuu wa matunzo ya watu wazima wa CQC kuanzia 2013, alilifanya kuwa kipimo cha kazi yake: je, hapa panamfaa mama yangu mwenyewe? Mhudumu akijibu upesi kwamba angemleta mama yake, ni dalili njema. Akinyamaza, akatazama mlangoni kabla ya kujibu, mmesikia.

Kwetu pia

Wako watakaosema haya ni mambo ya Wazungu, sisi wazee wetu tunawatunza nyumbani. Lakini Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima bila kunyanyaswa na kupata matunzo kutoka kwa familia na serikali. Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, na serikali ina makazi ya wazee wasiojiweza, kama yale ya Welezo na Sebleni kule Zanzibar. Haki hizo ziliandikwa kwa sababu zinavunjwa. Mwaka 2023 kipindi cha BBC Africa Eye, kwa kamera za siri, kilionyesha wazee wakinyanyaswa na kunyimwa matunzo katika nyumba moja nje ya Nairobi.

Na mzee aliyebaki nyumbani, katika chumba cha uani, akiachiwa binti wa kazi wa miaka 17 ambaye pia anapika, anafua na kulea watoto, naye anahesabiwa. Mtoto aliyeko Dubai au Minneapolis anatuma pesa kila mwezi na kupiga simu ya video Jumapili saa sita, mama amevalishwa kanga mpya na kukalishwa barazani. Hiyo nayo ni ziara ya asubuhi. Mwombe anayeshika simu aigeuze kuelekea kisigino. Muulize mama amekula nini jana usiku, na nani alimpa. Mwombe jirani unayemwamini apite siku yoyote bila kutoa taarifa mapema.

Kumpeleka mzazi kwenye nyumba ya wazee si dhambi. Kuna maradhi ambayo familia, hata yenye mapenzi tele, haiyawezi, na kuna nyumba zinazofanya kazi hii kwa uaminifu na ustadi. Lakini kinachokabidhiwa ni kazi ya kumhudumia. Jukumu la kumtazama hubaki kwa watoto. Ndugu wakiwa wanne, wagawane wiki: mmoja Jumatano wakati wa chakula cha jioni, mmoja usiku baada ya saa tatu, mmoja Jumapili, na wa nne, aliye mbali, kila mwezi aombe kumbukumbu ya uzito na orodha ya dawa, azisome mstari kwa mstari na kuuliza kila dawa mpya ni ya nini. Kila mmoja aandike alichokiona katika daftari moja. Familia isiyoweza kukubaliana juu ya ratiba kama hiyo bado haijawa tayari kumpeleka mzee popote.